Dawa za Kurudi Nazo Nyumbani

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuwatolea watu mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja, na kazi hiyo imenifunza tabia moja mbaya. Nikiona fomu, naitafutia njia ya mkato. Nikiambiwa ngoja, nauliza mkubwa wako nani. Sitoi wala sipokei cha chini ya meza, lakini najua karatasi ipi inaweza kuitangulia ipi, nani hunywa chai saa ngapi, na nani wa kubembelezwa na nani wa kukemewa. Ndugu zangu husema hasira zangu ziko puani. Hawakosei.

Kwa hiyo siku mama yangu alipopewa ruhusa ya kutoka hospitali, nilifika pale kama ninavyofika bandarini. Alikuwa amelazwa siku tano. Presha ilimpanda mpaka mkono wa kushoto ukafa ganzi na maneno yakawa yanamtoka mapande mapande, tukaogopa kiharusi. Alhamdulillahi, haikufika huko. Mkono ulirudi, maneno yalirudi, na siku ya tano alikuwa keshaanza kuwasema wauguzi kwa namna wanavyotandika shuka. Daktari alimwandikia dawa za wiki nne na siku ya kurudi kliniki. Mimi nilikuwa na mzigo wa vigae unaningoja bandarini, na mwenye vigae akinipigia simu kama mtu aliyeunguliwa na nyumba.

Nikaipeleka karatasi kwenye dirisha la dawa. Mfamasia aliyekuwepo alikuwa msichana, umri wa binti yangu wa mwisho, mfupi, miwani imemteremka puani, mtandio umebanwa kwa pini mbili zisizofanana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe dawa za mama yangu, nna haraka."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Wodini, anavaa."

"Basi n'takuja huko huko. Dawa za mgonjwa anayetoka hazikabidhiwi mpaka mwenyewe aelezwe na yeye azieleze. Ndiyo sheria, mama."

Nilicheka kidogo, kile kicheko changu cha bandarini, nikamwuliza mkubwa wake nani. Hakununa. Alinionesha mlango kwa mkono mzima, kwa adabu, akaendelea kuhesabu vidonge. Mkubwa wake aliniambia maneno yale yale, kana kwamba walikariri pamoja chuoni. Nikarudi wodini nimenywea.

Alikuja na sinia dogo lenye vipakiti viwili. Kila kimoja alikuwa amekiandika kwa herufi kubwa: jina la mama, la baba yake, la babu yake, jina la dawa, kiasi, na siku ya kumalizika. Kwa kuwa mama haoni vizuri, kwenye kimoja alichora jua na kwenye kingine mwezi. Akakaa ukingoni mwa kitanda akamwambia mama ayarudie. Mama alifurahi kuliko nilivyotaka mimi. Aliyarudia, kisha akamsimulia na dawa alizopewa aliponizaa mimi, na zilivyokuwa chungu, na nani alimletea uji. Yule binti alisikiliza yote. Simu yangu ikalia tena.

"La mwisho, bibi," alisema, "nalo ndilo kubwa. Dawa hizi..."

"Mwanangu," nikamkata, "hilo la mwisho n'tamwambia mimi nyumbani. Nshaelewa."

"Mama, bado moja tu."

"Nshakwambia nshaelewa!"

Wodi nzima iligeuka. Mama, kwa kunionea haya, alinyanyuka mwenyewe akachukua vipakiti vyake. Yule binti alitufuata mpaka mlangoni, akanipa karatasi iliyoandikwa maelezo, akanionesha kwa kidole mstari wa chini kabisa. Niliitia mkobani pamoja na karatasi za vigae. Sikuisoma siku ile wala siku ya pili, na mpaka leo naona aibu kuandika hivi.

Sasa lazima nimtaje shoga yake mama. Nyumba yake na yetu zinatazamana, na uchochoro ulio katikati ni mwembamba hata ukipiga chafya kwetu utaambiwa *afya* kwake. Walichezeshwa ngoma pamoja walipovunja ungo, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume karibu karibu. Watoto wake yeye wako Maskati na bara, anaishi peke yake. Mimi nilimwita mama tangu sijajua tofauti. Tangu nina akili nimeona vyombo vikivuka uchochoro ule: bakuli la kunde za nazi likienda, likirudi na maandazi, sahani ya samaki wa kupaka ikija, ikirudi na visheti. Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Hata kama nyumba haina kitu, utatia chumvi, utatia ndimu mbili, utatia asmini. Kurudisha bakuli lililooshwa tu, jeupe, ni kama kumwambia mtu tusijuane.

Mama alirudi nyumbani siku ya Jumatatu. Watu walikuja kumtazama, chai ilichemka, nami nikarudi kwenye vigae vyangu. Ijumaa mama alikuwa amechangamka. Jumamosi asubuhi, kama saa nne hivi, nilikuwa naanika nguo juu, nikamsikia ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

Nilimkuta amekaa kitandani jasho linamtiririka, nguo imemganda mgongoni, mikono inatetemeka. Aliniuliza kama mkarafuu umeshachumwa. Sisi hatuna mkarafuu. Nikajua ndiyo hiyo, kiharusi kimekuja kuchukua kilichoacha. Sikumbuki vizuri tulivyofika hospitali. Nakumbuka nilikuwa miguu peku.

Daktari alimchoma kidole, akatazama kile kimashine, akamtazama mama, akachoma kidole chengine. Sukari ilikuwa imeshuka chini mno. Wakamtilia sukari kwa mshipa, na mbele ya macho yangu mama akarudi, kama taa inayopandishwa utambi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kwa nini nimekuja hospitali na kanga ya kupikia.

"Bibi anatumia dawa za sukari?" daktari aliuliza.

"Hana sukari," nikasema. "Hajawahi kuwa nayo."

"Lete kila anachokimeza. Kila kitu, hata miti shamba."

Nikakimbia nyumbani, nikakusanya kila kilichokuwa kwenye mtoto wa meza wa mama: vile vipakiti viwili, mafuta ya habasoda, na kopo dogo la hiliki lenye vidonge vyeupe ndani. Niliporudi, daktari alikuwa amemwita mfamasia. Na nani aliyepanda ngazi na sinia lake? Yule yule binti, kwa pini zile zile mbili. Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akaniamkia shikamoo kama kwamba hatujawahi kuonana.

Alimwaga vipakiti kwenye sinia akahesabu kwa kile kijisu chao cha bapa. Vya jua havikufika nusu ya vilivyotakiwa kubaki. Vya mwezi vilevile. Kisha akafungua kopo, akakiweka kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza, akaitazama alama yake. Akalinusa kopo.

"Bibi," alimwambia mama taratibu, "kopo hili lilikwenda kwa nani?"

"Nani kakwambia lilikwenda mahali?" mama akajibu, mkali.

"Kwetu Makunduchi chombo hakirudi kitupu. Najua na kwenu ni hivyo hivyo."

Mama aligeuza uso ukutani. Halafu yakatoka yote. Shoga yake alikuja kumtazama siku ile ya Jumatatu, akamwambia kuwa alipimwa presha kwenye shughuli moja ya kupima watu bure, wakamwambia imepanda, aende hospitali, naye hajaenda. Mama akamwambia, "Mimi nimepewa nyingi, za nini zote hizi na wewe unaumwa?" Akazigawa nusu kwa nusu, akazitia kwenye kopo la hiliki, akavuka nazo uchochoro. Kesho yake kopo likarudi. Ndani mlikuwa na vidonge vya shoga yake vya sukari, kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo, na kwa sababu mama alikuwa amelalamika miguu inamwaka moto, na vidonge vile, shoga alisema, yeye vimemtuliza miguu kabisa. Mama akavimeza, kimoja kila asubuhi, kwa chai kavu. Nyumbani kwetu zawadi haiachwi ikachacha.

Hasira zikanipanda puani. Nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika. Nilisema umetaka kujiua, nilisema umetaka kunifanya yatima kwa upumbavu wa bakuli na sahani, watu wazima wawili mnachezea dawa kama watoto wanaocheza kijungujiko. Mama akawa mdogo ndani ya shuka.

Yule binti aliniwekea mkono begani. Hakupandisha sauti.

"Mama, subiri kwanza," alisema. "Na huyo mwenziwe, sasa hivi anameza nini?"

Daktari alinitazama, mama akageuka kutoka ukutani. Katika sisi sote, na mimi niliyemnyonya mwanamke yule kwa siku tatu mama alipokuwa na homa ya uzazi, hapana aliyekuwa amemfikiria. Alikuwa amegawa dawa zake za sukari nusu, na huku anameza dawa za presha za mwili wa mtu mwengine, na yumo peke yake ndani ya nyumba. Na tangu asubuhi, katika makelele yote yale ya kumtoa mama uchochoroni, yeye hakutoka kuuliza. Yeye, ambaye mtu akikohoa kwetu hufungua dirisha.

Nilishuka ngazi mbili mbili.

Mlango wake haukuwa na kufuli. Nilimwita, na sauti ilinijibu "naam" kutoka jikoni, nyembamba sana. Alikuwa amekaa chini kando ya mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Aliniambia alinyanyuka alfajiri kwenda kutia udhu, dunia ikamzunguka, akaanguka, na kila akijaribu kusimama inamzunguka tena. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka imepasuka. Kando yake palikuwa na ndoo, na kata, na ndoo ilikuwa karibu tupu.

"Kiu tu, mwanangu," alisema. "Vidonge vyangu vya sukari vimekwisha tangu Jumatano, na tangu jana nnakunywa na kiu hainitoki. Nimesikia mnamtoa mwenzangu. Nimeita, lakini hamkunisikia. Yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi mimi niache nipumzike kidogo, n'tanyanyuka."

Gari haifiki kwetu. Tulimweka juu ya kiti chake cha mkono, na wanaume wanne waliokuwa barazani wakicheza bao wakakibeba mpaka barabarani, wawili mbele wawili nyuma, wakimuomba radhi kwenye kila kona. Yeye alikuwa akinung'unika kuwa hakujifunga ushungi vizuri. Hospitali sukari yake ilikuwa juu kiasi kwamba daktari hakunitajia kwa sauti, alimwonesha muuguzi tu. Presha nayo ilikuwa chini. Baadaye aliniambia kuwa tungelingoja mpaka kesho, asingelinipa ahadi ya uhai wake.

Walilazwa wodi moja, vitanda viwili vinatazamana, kama nyumba zao. Siku ya tatu mama alimuomba muuguzi ampelekee shoga yake nusu ya uji wake, na muuguzi akamwambia bibi, wewe ukipeleka kitu tena n'takufunga mikono kwa bendeji. Wagonjwa wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na nikatoka nje kulia.

Nilikwenda kwenye dirisha la dawa, safari hii sina haraka. Nilisimama mpaka foleni ikaisha. Nikamwomba radhi yule binti, na nikamwambia ukweli, kuwa karatasi yake niliitoa mkobani siku ile ya Jumamosi, imekunjamana, na mstari wa chini ulikuwa umeandikwa: *Dawa hizi ni za mwenye jina hili peke yake. Asimpe mtu, asipokee za mtu.*

"Kosa langu nami lipo," alisema. "Ilinipasa nsikuacheni mtoke mlangoni. Nilikuogopa, mama."

Wallahi, sijawahi kusikia mtumishi wa serikali akisema kosa langu. Nilimwuliza, kwa nini hasa sheria hii, mbona bandarini kanuni nyingi ni za kuwakomesha wezi tu, ukiwa si mwizi unaweza kuruka moja mbili na dunia isiharibike. Aliisukuma miwani juu.

"Hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi," alisema. "Mwizi wa dawa za presha mimi sijamwona bado. Hii imewekwa kwa ajili ya watu wema. Kila wiki napata mmoja. Baba kampa mwanawe, mke kampa mume, jirani kampa jirani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya."

Kisha akaniomba nisogee, kwa kuwa kulikuwa na mzee nyuma yangu. Nilimtazama akimweleza yule mzee dawa zake, akimngoja azirudie, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, bila ya kutazama saa. Nimefanya kazi na watu wengi wanaojua sheria. Wengi wao huishika kama fimbo. Huyu aliishika kama mtu anavyomshika mkono mama yake kwenye ngazi, na nilimpenda kwa hilo na ninampenda mpaka sasa.

Walitolewa siku moja. Aliwakalisha kwenye benchi moja, kila mmoja na vipakiti vyake vilivyoandikwa jina lake, akawasomesha. Simu yangu niliizima. Mama aliyarudia yote, jua, mwezi, kabla ya chakula, baada ya chakula, mpaka wakafika kwenye lile la mwisho.

"Mwenzangu akiniomba, nimnyime?" mama aliuliza.

"Mnyime, bibi. Halafu mlete hapa."

"Hilo siliwezi," mama akasema. "Nakwambia kweli, mjukuu wangu, mimi sikulelewa hivyo. Mtu kaja mlangoni kwangu anaumwa, nami ninacho, nimwambie sina?"

"Si useme huna. Sema unacho na humpi."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Yule binti hakumlazimisha, lakini hakumwacha. Alilirudia mara nne. Mama alilisema neno lile kwa ulimi tu, kama mtoto anayeambiwa aombe radhi. Shoga yake alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nami nikarudi nyumbani na hofu yangu, kwa sababu mama namjua. Nilianza kuhesabu vidonge vyake kila Ijumaa, na nilijua kwamba siku moja nitahesabu na nitavikuta pungufu, na safari hiyo huenda mmoja wao tusimuwahi.

Ilikuwa baada ya miezi mitatu. Mama alikwenda Mkokotoni kwenye msiba, akalala siku mbili, akasahau vipakiti vyake kule. Alirudi Jumanne asubuhi bila ya dawa, na mimi nikiwa ninavaa kwenda kazini. Nikamwambia angoje, nipige simu bandarini, halafu tutakwenda hospitali pamoja. Akasema ya nini kuhangaika, anavuka mara moja, mwenzake siku hizi naye anapewa za presha, atampa viwili vya leo na kesho. Kabla sijamaliza kufunga mtandio alikuwa ameshatoka.

Nilishuka mbio. Nilimkuta anarudi, yuko katikati ya uchochoro, mikono mitupu. Macho yalikuwa mekundu. Aliingia ndani akakaa kwenye ngazi ya chini.

"Nimenyimwa," alisema.

"Kasemaje?"

"Nimemwambia nipe viwili tu. Kasema anavyo, na hanipi." Alifuta macho kwa ncha ya buibui. "Nikamwambia mimi na wewe tangu lini? Kasema, nikikupa n'takuzika, na mimi sitaki kukuzika. Miaka yote hii, mwanangu, nyumba ile sijapata kunyimwa hata punje ya chumvi."

Nilitazama nje. Shoga yake alikuwa amesimama mlangoni kwake, buibui keshavaa, mkoba kifuani, mkongojo mkononi, na machozi yanamtoka waziwazi mbele ya wapita njia. Hakuvuka kuja kwetu. Alimtazama mama tu, akingoja.

"Anasema nivae viatu vya kutembelea," mama aliniambia. "Anasema ananipeleka yeye hospitali, wewe nenda kazini." Akainama akaanza kutafuta viatu vyake chini ya ngazi. "Kumbe yule mtu ananipenda hivi."